Nyumba ya Raskazone: upangishe kwa mkataba, ulaze wageni kwa siku, au ufungue gesti?

Tanga tuna msemo ambao kila mgeni anauokota kabla hajashuka kwenye basi: waja leo waondoka leo. Zamani ulikuwa utani wa mjini, siku hizi umekaribia kuwa mpango wa biashara. Kila mwenye nyumba ya vyumba vitatu kuanzia Raskazone mpaka Sahare ameshasikia habari za binamu wa mtu fulani huko Dar, anayelaza wageni kwa siku, analipwa kwa simu, na kwa mwezi anaingiza mara mbili ya pango. Baada ya wiki mbili anasikia habari nyingine: binamu huyohuyo ameitwa kuulizwa leseni iko wapi.

Sisi tumehangaika na nyumba ya shangazi kwa miaka kadhaa. Ni nyumba ya kawaida tu: vyumba vitatu, sebule, baraza pana, mwarobaini uani, na bahari ambayo usiku unaisikia lakini huioni. Wanawe wako Dar na Mwanza, naye amehamia kwa mdogo wake Chumbageni. Tumeipangisha kwa mkataba, tumelaza wageni wa siku, na habari za gesti nimezijua kwa kumwandikia jirani yetu hesabu zake. Kwa hiyo ninachoandika hapa kina harufu ya sabuni ya mashuka ndani yake.

Kwanza tuelewane kwenye neno moja. Kiswahili kinatumia "kodi" kwa vitu viwili: unachopokea kwa mpangaji na unachopeleka TRA, mamlaka ya mapato. Nimemwona mzee akibishana na karani dirishani: "Kodi nimeshalipwa tangu Januari, sasa kodi gani tena?" Humu, anacholipa mpangaji nitakiita pango. Kinachokwenda serikalini nitakiita kodi.

Vipimo

Njia zote tatu nimezipitisha kwenye maswali yaleyale. Karatasi gani zinatakiwa kabla mtu wa kwanza hajalala? Kodi na tozo zinakatwa wapi? Mfukoni kinabaki nini, na kinakuja lini? Nani atashika ufunguo saa tano usiku? Mtaa utasemaje? Na ukibadili mawazo, utajitoaje?

Swali la ufunguo watu wengi hawalitaji, nami naliweka mbele ya mengine yote. Sababu utaiona.

Jambo jingine la kuliweka sawa: ushauri wa Unguja uuache Unguja. Zanzibar ina mamlaka yake ya mapato na kamisheni yake ya utalii, na tozo zake za wageni ni zake. Rafiki anayekwambia "mimi Nungwi nalipa hivi" hasemi uongo, ila hazungumzii Tanga. Huku unakutana na TRA, Halmashauri ya Jiji, na Wizara ya Maliasili na Utalii.

Njia ya kwanza: mkataba wa miezi au mwaka

*Karatasi.* Ni chache. Namba ya mlipakodi, yaani TIN, ambayo TRA wanaitoa bure. Mkataba wa maandishi wenye majina kamili, muda, kiasi, na nani anatengeneza nini kikiharibika. Mkataba huo unalipiwa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka. Leseni ya gesti au ya utalii huitaji, na wala bwana afya haji kukagua choo chako.

*Kodi.* Pango la nyumba linakatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Mpangaji akiwa kampuni au taasisi, anaikata yeye kabla hajakulipa, anaipeleka TRA, na wewe anakupa hati ya zuio. Hapa Tanga jambo hili limeongezeka tangu jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lilipowekwa Chongoleani Agosti 2017. Bomba hilo lina urefu wa kilomita 1,443, na kila kilomita ina mhandisi, mpimaji na mhasibu anayetafuta pa kulala. Kampuni zinazowaleta watu hao hazilipi kwa mkono. Shangazi alipopokea 360,000 badala ya 400,000 alidhani ameibiwa. Nilimwonyesha hati. Akaikunja mara nne, akaitia ndani ya msahafu, mahali anapoweka vitu ambavyo hajaviamini bado.

Mpangaji akiwa mtu wa kawaida ambaye hajui zuio ni nini, usidhani kodi imekufa. Pango ni kipato chako, na atakayetafutwa ni wewe.

*Mfuko.* Fedha inakuja kwa mkupuo: miezi mitatu, sita, wakati mwingine mwaka mzima mbele. Dalali naye anataka cha kwake, kwa kawaida sawa na pango la mwezi mmoja. Mkupuo ni mtamu, na unadanganya. Pesa ya miezi sita inayoingia Februari ikakuta ada za shule, Aprili unaishi kwa maji ya kunywa.

*Ufunguo.* Anao mpangaji. Unalala.

*Mtaa.* Kimya. Mjumbe anamjua, msikitini anaonekana, mama lishe wa kona anamkopesha.

*Kujitoa.* Hapa ndipo penye mwiba. Mwanao akirudi ghafla akitaka nyumba, mkataba unakuzuia. Mpangaji akigoma kulipa, safari ni ndefu, na inaweza kuishia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Inamfaa mwenye nyumba aliye mbali na Tanga, mzee anayetaka utulivu, na mtu mwenye mkopo wa kulipa kwa tarehe maalumu.

Njia ya pili: nyumba nzima kwa siku

Hii ndiyo watu wanayoulizia, basi nitakaa hapa kidogo.

*Karatasi.* Kosa la kwanza la wengi ni kufikiri kwamba kwa kuwa nyumba ni yako, na mgeni ameipata kupitia Airbnb au Booking.com, basi hufanyi biashara, "unampokea mgeni" tu. Sheria haikuulizi unaiitaje. Ukimlaza mtu kwa malipo ya usiku, ukambadilishia shuka na kumkabidhi taulo, wewe ni mfanyabiashara ya malazi, uwe na vyumba sitini au kimoja cha uani.

Kwa hiyo unahitaji TIN yenye shughuli ya biashara ndani yake, halafu hati ya TRA ya kuonyesha huna deni, halafu leseni ya biashara. Leseni za ngazi ya halmashauri siku hizi zinaombwa kwa mfumo wa TAUSI: unajaza, unapata namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Ukitumia jina la biashara badala ya jina lako, unalisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Ukilenga watalii, kuna Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, inayotaka leseni ya wizara ambayo wenye biashara wanaiita TALA. Afisa afya ataangalia maji, choo na neti. Zimamoto wataulizia mtungi wa kuzimia moto na mlango wa kutokea.

Halafu kitabu cha wageni. Kile kile cha gesti, chenye mistari mirefu: jina, kazi, atokako, aendako, namba ya kitambulisho au pasi. Wenye nyumba za programu wanakicheka kwa kuwa majina yote yako kwenye simu. Siku askari wakija kuuliza nani alilala Jumanne, simu ikiwa haina chaji utakitafuta hicho kitabu. Lakini kilinde. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na picha za pasi za watu hazipaswi kukaa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

*Kodi.* Hapa ile asilimia 10 ya pango haikuhusu tena. Kipato chako sasa ni cha biashara. Mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka anaingia kwenye kodi ya makadirio. Jedwali la miaka ya karibuni linasema hivi: mauzo yasiyozidi milioni 4 hayatozwi, kati ya milioni 4 na 7, mwenye kumbukumbu za mauzo analipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, na asiye na kumbukumbu analipa 100,000, kati ya milioni 7 na 11, mwenye kumbukumbu analipa 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, na asiye nazo analipa 250,000. Juu ya hapo inakuwa asilimia ya mauzo yote. Sheria ya Fedha inaweza kugusa viwango hivi kila Julai, hivyo uliza upya kila mwaka mpya wa serikali.

Zingatia neno mauzo. Hawahesabu faida. Ukiuza sana na kutumia sana, kodi haijali ulivyotumia.

Juu ya hiyo kuna ushuru wa malazi wa halmashauri, na kwa nyumba zilizo kwenye mkondo wa utalii kuna tozo ya maendeleo ya utalii inayohesabiwa kwa kitanda kwa usiku. Zote mbili ni mzigo wa mgeni, wewe unazikusanya tu. Ziweke ndani ya bei tangu siku ya kwanza, usije ukazitoa kwenye pesa ya umeme. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 haikuhusu mpaka mauzo yafike milioni 200 kwa mwaka, kiwango kilichopandishwa kutoka milioni 100 mwezi Julai 2023. Nyumba moja ya Raskazone haitafika huko hata wageni wakilala mpaka juu ya paa.

*Mfuko.* Tanga si Nungwi. Watalii wengi wa pwani yetu wanapita mjini wakielekea Pangani na Ushongo, au wanapanda Amani na Lushoto. Wanaolala mjini ni watu wa semina, wa bandari, wa harusi, wa msiba, na familia za Dar wakati wa Idd na Desemba. Kwa hiyo Ijumaa unakataa watu, na Jumanne unasikiliza mwarobaini. Masika ikianza Machi mpaka Mei, kalenda inakauka huku paa likivuja.

Chumvi ya bahari nayo ina gharama zake. Kitasa cha mlango wa mbele tumebadilisha mara tatu. Kiyoyozi cha chumba kikubwa kilianza kuota kutu kwenye mbavu kabla hakijamaliza mwaka wa pili. Fundi akaniambia, "Bwana, huku baharini kiyoyozi ni kama samaki, hakikai."

*Ufunguo.* Ijumaa moja ya Idd tuliwatarajia wageni kutoka Dar saa kumi na mbili jioni: baba, mama, watoto watatu. Basi likaharibika njiani. Wakaja kufika saa tano usiku. Ufunguo alikuwa nao dada wa usafi, ambaye saa hizo alikuwa harusini Pongwe na simu imezimwa. Mimi nilikuwa Ngamiani na ufunguo wa akiba. Nikapanda baiskeli, taa ya dainamo haiwaki, nikakanyaga mpaka Raskazone. Nilikuta watoto wamelala juu ya mabegi barazani, mama amekaa kwenye ngazi bila kusema neno. Nikafungua, nikawasha taa, haikuwaka. Mgeni aliyetangulia alikuwa ameacha kiyoyozi siku mbili mfululizo, na LUKU, umeme wa kulipia kabla, ilikuwa imeisha. Bila umeme, pampu haipandishi maji. Nikanunua umeme kwa simu, nikaanza kubonyeza tarakimu ishirini gizani. Nilikosea mara ya kwanza. Nikakosea mara ya pili.

Walikaa siku tatu, wakaacha nyumba safi kuliko walivyoikuta, na wakatupa nyota tatu: "Nyumba nzuri, mwenyeji hakuwepo."

Kama huna mtu wa kuwepo, njia hii haikufai, hata hesabu ikisema nini. Unaweza kumpa wakala aiendeshe kwa asilimia. Fanya hivyo baada tu ya kuandikiana nani jina lake liko kwenye leseni na nani anapeleka kodi, maana barua itakuja kwa mwenye jina.

*Mtaa.* Shangazi hakuwa na hofu ya kodi. Hofu yake ilikuwa majirani. "Mwanangu, watasema nyumba ya marehemu imekuwa ya nini?" Sura mpya kila siku tatu, gari lenye vioo vyeusi, muziki baada ya isha. Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mapema, mweleze, mwachie namba yako. Andika masharti ya nyumba kwa Kiswahili kinachoeleweka na uyabandike ukutani: kelele mwisho saa nne, wageni wa wageni hawalali.

Miji mingine ugomvi huu umefika mbali. London nyumba nzima haipaswi kukodishwa kwa siku zaidi ya usiku 90 kwa mwaka bila kibali cha mipango miji, na New York tangu Septemba 2023 mwenyeji lazima ajisajili kwa jiji na aishi humo humo na mgeni wake. Huko wanalia nyumba za kupanga zimeadimika. Kwetu malalamiko bado ni ya muziki na maegesho.

*Kujitoa.* Rahisi kuliko zote. Unafunga kalenda, Mwanza wanakuja likizo, wanakuta nyumba yao. Leseni unairudisha na TRA unawaarifu kwamba shughuli imesimama. Usiache TIN ikielea na makadirio juu yake.

Inamfaa mwenye nyumba aliye karibu au mwenye ndugu wa kuaminika mjini, ambaye anaitaka nyumba yake mara kwa mara, na ambaye mfuko wake unaweza kuvumilia Aprili.

Njia ya tatu: gesti

*Karatasi.* Ongeza zote za njia ya pili, kisha ardhi. Hati ya kiwanja kama inasema makazi, gesti ni matumizi mengine, na unapaswa kuomba mabadiliko ya matumizi kwa mipango miji kabla hujapiga ukuta. Ukiongeza vyumba, kuna kibali cha ujenzi. Pango la ardhi, lile linalolipwa serikalini, la kiwanja cha biashara ni kubwa kuliko la makazi. Jirani yetu alijenga vyumba vinne kwanza na kuuliza baadaye. Alichotumia kurekebisha michoro kingemnunulia vitanda vyote.

*Kodi.* Mfumo ni uleule wa biashara, ila gesti inavuka milioni 11 upesi. Vyumba sita kwa 25,000, nusu ya usiku vikiwa na watu, ni 2,250,000 kwa mwezi na milioni 27 kwa mwaka. Hapo uko kwenye asilimia ya mauzo yote, na mashine ya risiti ya EFD juu ya kaunta. Mgeni wa semina hatakubali karatasi ya mkono, ofisini kwake wanataka risiti yenye TIN. Ukisajili kampuni, unatoka kwenye makadirio kabisa na kuingia kwenye asilimia 30 ya faida, pamoja na hesabu zilizokaguliwa.

*Mfuko.* Pesa ndogo ndogo kila siku, ambayo ni neema na ni mtihani. Droo ya mapokezi isipofungwa kila asubuhi kwa kulinganisha kitabu cha wageni, risiti za EFD na idadi ya mashuka machafu, itavuja. Jirani yetu anahesabu mashuka. Chumba kilichoandikwa kitupu chenye shuka chafu kina hadithi, na mlinzi wa usiku anaijua.

*Ufunguo.* Mapokezi, saa ishirini na nne, watu wawili kwa zamu, wenye mkataba wa kazi na michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii.

*Mtaa.* Gesti ina jina lake, tusifichane. Watakuja watu wa saa moja. Uamuzi wa kuwapokea au kuwakataa unaandika biashara yako yote, kwa kuwa gesti ya familia na ya shoti taimu hazikai chini ya paa moja. Karibu na msikiti au shule, uliza kwanza, jenga baadaye.

*Kujitoa.* Ngumu. Nyumba iliyokatwa vyumba sita vyenye bafu kila kimoja hairudi kuwa nyumba ya familia.

Inamfaa mtu anayetaka hii iwe kazi yake, mwenye kiwanja karibu na stendi, hospitali au barabara kubwa kuliko ufukwe, na mtaji wa kusubiri.

Hesabu ya nyumba moja

Namba hizi ni za mfano, za nyumba inayofanana na ya shangazi. Weka zako.

Kwa mkataba: 400,000 kwa mwezi ni 4,800,000 kwa mwaka. Toa zuio 480,000, toa stempu 48,000 ukiibeba wewe, toa 300,000 za rangi na fundi bomba. Zinabaki 3,972,000, na kazi yako ilikuwa kupokea simu mbili.

Kwa siku: bei 70,000, usiku 12 kwa mwezi. Mwaka unaleta 10,080,000. Toa kamisheni ya programu iliyoleta mgeni, asilimia 15, ni 1,512,000. Dada wa usafi 120,000 kwa mwezi, ni 1,440,000. Umeme, maji na intaneti 130,000 kwa mwezi, ni 1,560,000. Sabuni, gesi, balbu na taulo zinazopotea 60,000 kwa mwezi, ni 720,000. Zinabaki 4,848,000. Kodi ya makadirio kwa mwenye kumbukumbu ni 182,400. Asiye na daftari analipa 250,000, yaani uvivu wa kuandika unagharimu 67,600. Mkononi 4,665,600, kabla ya ada za leseni.

Tofauti na mkataba haifiki 700,000 kwa mwaka. Sasa kumbuka vitanda, friji, sofa, jiko na viyoyozi. Ukivitia kwa milioni 6, kwa usiku 12 itachukua zaidi ya miaka minane kurudisha pesa hiyo, na kiyoyozi cha baharini hakitakusubiri.

Shusha mpaka usiku 9 kwa mwezi, na kwa gharama zilezile unabaki na kama milioni 2.7, chini kabisa ya mkataba. Pandisha mpaka 18, na hata ukiongeza nusu milioni ya umeme na sabuni unabaki na zaidi ya milioni 8 na nusu kabla ya kodi, ila sasa umevuka milioni 11 za mauzo. Kwa nyumba kama hii, uamuzi wote uko hapo katikati, kati ya usiku 12 na 18. Kabla hujanunua godoro, waulize wenye nyumba za aina hiyo wanauza usiku ngapi Aprili. Desemba kila mtu anajaza.

Gesti siiweki kwenye mizani hii. Ina mtaji wa ujenzi, na kuilinganisha na nyumba iliyokwisha kusimama ni kumwonea mmoja wao.

Yasiyobadilika kwa njia yoyote

Kodi ya majengo unailipa kwenye LUKU ukipenda usipende: 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Ikiwa mita iko kwenye jina la mpangaji, kubalianeni nani anarudisha nini.

Nyumba ikiwa ya urithi, asaini msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, siyo mtoto mwenye sauti kubwa. Hili nimeliona likivunja mkataba mzuri na ndugu kwa pamoja.

Ukiwa katika hali hii

Uko Dar au ng'ambo na Tanga huna mtu: mkataba, na mpangaji wa kampuni ukimpata. Kukatwa asilimia 10 na kupewa hati ni nafuu kuliko kukimbizana na wageni kwa simu.

Uko mjini, una muda, nyumba iko Raskazone au karibu na bahari, na wanao wanaihitaji likizo: wageni wa siku, kwa leseni kamili. Anza na samani ulizonazo. Jaribu tangu Juni, usianze Machi.

Una nyumba ya uani yenye mlango wake, na wewe unaishi mbele: wageni wa siku watakufaa kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa ufunguo uko mfukoni mwako. Karatasi ni zilezile, udogo wa nyumba haukusamehe.

Unataka kazi ya kudumu na una kiwanja cha biashara: gesti, ukianzia ofisi ya mipango miji.

Una deni la benki la kila mwezi: mkataba, mpaka liishe.

Unataka mchanganyiko, mkataba wa miezi tisa kwa mwalimu au mhandisi, kisha wageni wa siku kwa miezi mitatu: inawezekana, na wapo wanaofanya. Lakini kila mwaka utavaa kofia mbili za kodi, ya pango na ya biashara, na leseni haipungui bei kwa kuwa uliitumia miezi mitatu. Weka daftari mbili.

Nyumba ya shangazi kwa sasa anakaa mhandisi, mpaka Juni mwakani. Ufunguo wa akiba shangazi ameufunga kwenye ncha ya kanga, na juzi aliniuliza kama kiyoyozi kile bado kinaweza kuuzwa.